Mpaka, Hadi na Kufikia: Namna Kiswahili Kinavyotaja Ukomo

Muhula mmoja tulibandika tangazo mlangoni kwamba insha zote ziletwe "kufikia Ijumaa". Mwanafunzi wetu mmoja, mzaliwa wa Rumonge, alikwenda nyumbani, mwendo wa kilomita 70 hivi kusini mwa Bujumbura, akarudi na insha yake Ijumaa saa tisa alasiri. Tulimpa sifuri. Sisi tulikusudia kwamba Ijumaa ikipambazuka kazi ziwe zimekwisha kupokelewa. Yeye alielewa kwamba Ijumaa yenyewe imo. Tulipolisoma tangazo letu upya, tulimrudishia alama zake.

Ndugu msomaji, kosa halikuwa lake. Katika Kirundi kitenzi *gushika*, ambacho ni ndugu wa *kufika* kwetu, hutumika pia pale ambapo sisi tungesema *mpaka*. Mtu aliyekulia mwambao wa Ziwa Tanganyika, anayezungumza Kirundi nyumbani na Kiswahili sokoni na mwaloni, akisoma *kufikia Ijumaa* husikia *gushika*, yaani mpaka siku hiyo nayo.

Je, tungeandika *mpaka*? Hapana, tungezidisha utata. *Mpaka* ni nomino kwanza (mpaka wa shamba, mipaka ya nchi), kisha ndipo ikawa kiunganishi. *Hadi* nayo asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo ya kikomo. Maneno haya mawili hupenda kitendo kinachoendelea: "Tulisafiri mpaka Nyanza-Lac", "Soko liko wazi hadi jioni". Kitendo cha mara moja hakikai vizuri hapo. Anayesema "Leteni insha mpaka Ijumaa" ni kama anaagiza insha ziletwe kila siku, Jumatatu, Jumanne, hata Ijumaa ifike! Wajapani wametenganisha mambo haya waziwazi: *made* ni ya jambo linaloendelea hadi kikomo, na *made ni* ni ya jambo linalopaswa kutendeka kabla kikomo hakijapita. Sisi kazi hiyo ya pili tunaifanya kwa *kabla ya*, *kufikia*, au "mwisho wa kupokea ni". Kwa maoni yetu hii ya mwisho ndiyo salama zaidi, kwani siku iliyotajwa imo ndani.

Mpaka ukifuatwa na kitenzi, hali ya kitenzi hicho ndiyo inayoeleza kama kikomo kimefikiwa. Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi huwaharibia kazi. Basi tutasema:

Wanangoja mpaka mwezi upotee. (Bado haujapotea.)

Walingoja mpaka mwezi ulipopotea. (Ulipotea.)

Katika masimulizi tutasikia pia "wakangoja mpaka mwezi ukapotea", nayo ni sahihi kabisa. Lakini tukikanusha kitenzi cha kwanza, "Hawaendi ziwani mpaka mwezi upotee", ukomo unageuka kuwa sharti: mwezi usipopotea, hawaendi. Vivyo hivyo mchuuzi anaposema "Siondoki mpaka nilipwe", hazungumzii saa.

Aidha, tuangalie vitenzi vya kumaliza. *Kwisha* ni kutobaki kitu. *Kukoma* ni kusimama mahali fulani, na huenda jambo likaanza tena. *Kuishia* hudai mahali: "njia inaishia ziwani". *Kumaliza* humtaka mtendaji. Wanafunzi wetu wengi huyatumia yote kana kwamba ni mamoja. Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Anayeeleza habari hiyo kwa kusema "uvuvi umekoma" atasikika akisema kweli. Akisema "uvuvi umekwisha", mwaloni watashtuka, kwa sababu ndivyo tusemavyo ndagala wakiwa hawapo tena.

Na hiyo *hadi tarehe 15* haimtoshi mvuvi. Usiku wa tarehe 15 aingize mtumbwi majini au asiingize? Sarufi peke yake haimjibu, maana *hadi* hutaja mpaka bila kusema uko upande gani wa ua. Anayetunga tangazo la aina hiyo hana budi kuongeza maneno: "hadi mwisho wa siku ya tarehe 15", au aseme tu "uvuvi utafunguliwa tarehe 16". Kosa la neno moja hapa linaweza kumgharimu mtu nyavu zake, si alama za insha tu.

Siku hizi idarani tunaandika: "Mwisho wa kupokea insha ni Alhamisi, saa kumi." Tulidhani tumemaliza, mpaka mwanafunzi yule yule alipotuuliza ni saa kumi ya Kiswahili au ya Kifaransa. Hilo tutalijadili katika toleo lijalo.