Wanyama Waasi wa Filamu na Ngano ya Ardhi ya Kiambu

Filamu ya Marekani Conquest of the Planet of the Apes, ya mwaka 1972, inaonyesha mji ambamo masokwe ni watumishi. Wanafagia, wanabeba mizigo, wanahudumu mezani, na anayekosea hupigwa. Sokwe mmoja ajuaye kunena, Caesar, anawakusanya wenzake kwa siri, nao wanauteka mji. Waliotengeneza picha hiyo walichota mengi katika ghasia za mwaka 1965 za Watts, mtaa wa Weusi mjini Los Angeles. Mfululizo wenyewe ulianza kwa filamu ya mwaka 1968, iliyotokana na riwaya ya mwaka 1963 ya Mfaransa Pierre Boulle, mtu aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mpira ya Malaya wakati wa ukoloni.

Kenya ilikuwa na kisa cha jamii hiyo miaka mingi kabla ya sinema hizo. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta, mzaliwa wa Gatundu, Kiambu, jirani na Thika, alichapisha mjini London kitabu Facing Mount Kenya, alichokiandika akisomea anthropolojia. Ndani yake mna ngano ya mtu na ndovu. Mvua inanyesha, ndovu anaomba kuhifadhi mkonga wake tu katika kibanda cha mtu. Anapokubaliwa anaingia mzima na kumtupa mwenyewe nje. Simba, mfalme wa msitu, anaunda tume ya uchunguzi, lakini wajumbe wote ni wanyama, nao wanaamua kwamba ndovu ana haki. Mtu anajenga kibanda kingine, kikachukuliwa na kifaru, na vivyo hivyo kwa kila atakachojenga. Mwishowe anajenga kibanda kikubwa, wanyama wote wanaingia wakigombania nafasi, naye anakitia moto pamoja nao.

Kampuni iliyotoa kitabu hicho, Secker and Warburg, ndiyo iliyochapisha Animal Farm ya George Orwell mwaka 1945. Riwaya hiyo ya wanyama wanaomfukuza mwenye shamba ilifanywa filamu ya katuni mwaka 1954, na mwaka 1967 Wakenya na Watanzania wakaipata kwa Kiswahili, Shamba la Wanyama, kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere.

Ngano ya Kenyatta haitaji mahali, ila msomaji wa Kiambu hakuhitaji kuambiwa. Walowezi walijigawia ardhi ya Wakikuyu tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Njia ya reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na nchi ya kuanzia Ruiru hadi Thika ikajaa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Waliokuwa na ardhi wakawa vibarua na maskwota juu yake, wakitembea na kipande cha utambulisho shingoni. Tume ya simba nayo ilikuwa na mfano wake: mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliunda Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Morris Carter, wajumbe wake wote Wazungu. Kenyatta alitoa ushahidi mbele yake. Ripoti ya mwaka 1934 iliongeza ardhi kidogo kwa Waafrika, lakini ikailinda ile iliyotengewa Wazungu.

Hapo ndipo ngano inapotofautiana na filamu. Conquest inamfanya mnyama kuwa mtumwa na binadamu kuwa bwana. Kenyatta aliwapa wanyama mahakama, tume na cheo, akamwacha binadamu bila pa kulala. Kinachofanana ni sababu ya uasi. Caesar haasi kwa kuwa amepata akili, wala mtu wa kibanda hachomi nyumba yake kwa hasira ya siku moja. Kila mmoja ameona kwamba sheria iliyopo ilitungwa na aliyemnyang'anya. Anayetaka kuzielewa filamu hizi aanze kwa kuuliza ni nani aliyeteua tume.