Samaki wa juu wanategemea maji ya chini: joto na ndagala katika Ziwa Tanganyika



Kule Uvira, Baraka, Kalemie na Moba, ndagala zikipungua sokoni watu wanatafuta mwenye kosa. Mmoja anasema ni nyavu zenye matundu madogo, mwingine anasema wavuvi wamekuwa wengi. Yote hiyo iko na ukweli. Lakini kuna sababu ingine yenye haionekani kwa macho: joto la maji.

Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, na maji yake hayako sawa kutoka juu mpaka chini. Juu, jua linayapasha mpaka degre 25 na zaidi, yanakuwa mepesi. Chini kabisa ni karibu degre 23, nayo ni mazito. Munaweza kusema tofauti hiyo ni kidogo, lakini inatosha kuzuia tabaka hizo mbili zisichangane.

Samaki wako juu, kwa sababu kupita mita 100 hivi upande wa kaskazini, na 200 hivi upande wa kusini, oksijeni hakuna. Shida ni kwamba kila kinachokufa juu kinashuka, na mbolea yake inabaki kule chini. Majani madogo sana ya majini yanahitaji mwanga, wenye uko juu, na mbolea, yenye iko chini. Vidudu vinakula majani hayo, ndagala zinakula vidudu, mikebuka inakula ndagala. Mbolea isipopanda, wote wanalala njaa.

Ni nani anaipandisha? Ni upepo. Kati ya mwezi wa tano na wa tisa, upepo wa kusini-mashariki unasukuma maji ya moto kwenda kaskazini. Kule kusini, maji ya baridi yanapanda na mbolea yake. Baharini ni vilevile: pwani ya Peru upepo unapandisha maji ya baridi na samaki wadogo wanajaa, mwaka wa El Niño, tabaka ya moto inakuwa nene, samaki wanapotea.

Sasa hewa ya dunia inapata joto, na maji ya juu yanazidi kuwa mepesi. Upepo uleule hauwezi tena kuchanganya kama zamani. Mwaka 2003, Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba majani hayo ya ziwa yanazalishwa pungufu kwa karibu 20%, jambo lenye linaweza kupunguza samaki kwa karibu 30%.

Je, basi wavuvi hawana kosa, tuache nyavu ndogo ziendelee? Hapana! Kama ziwa linazalisha pungufu, hata kiasi chenye wazee wetu walivua bila shida, leo kinaweza kuwa kupita kiasi. Joto haliondoi sheria ya uvuvi, linaifanya iwe ya lazima zaidi.

Wenye munasoma mazingira, biolojia ao uchumi, siku munaitwa kutoa mawazo juu ya uvuvi, musihesabu mitumbwi na nyavu tu. Muulize pia: maji yako na degre ngapi, na upepo umefanya kazi yake mwaka huu?