Rafu Yenye Kimo cha Gari

Wajukuu zangu, siku mkisimama kando ya barabara ya kutoka Arusha kwenda Makuyuni, mwezi wa saba, tazameni mapaa ya magari. Mtaona baadhi yamebeba mzigo mpana, bapa, uliofunikwa turubai nene. Hilo ni hema lililokunjwa. Jioni gari likifika Tarangire au Seronera, mwenyewe hulegeza mikanda, huvuta ngazi, na chumba kizima chenye godoro husimama juu ya paa. Fisi akipita usiku, anapita huko chini.

Watu hupenda kusimulia hema likiwa safarini. Mimi nataka kuwasimulia linapolala. Masika yakiingia safari hupungua, na gari linahitajika kwa kazi nyingine. Hema huteremshwa. Litakaa wapi?

Mwaka mmoja la kwetu nililiacha kwenye sakafu ya saruji ya banda letu, tena lilikuwa bado na unyevu wa mvua ya njiani. Nilipolifungua baada ya masika, kitambaa kilikuwa na madoa meusi ya ukungu, na panya walikuwa wamejitengenezea kiota kwenye kona ya godoro. Iliniuma sana. Turubai likishapata ukungu unaweza kulisugua na kulianika, lakini madoa hubaki, na harufu haiishi upesi. Mwaka uliofuata nikamwambia mjukuu wangu mwenye miaka 12, "Mama, tutalijengea hema letu kitanda."

Wazo langu la kwanza lilikuwa kulining'iniza kwa kamba darini. Mjukuu akainua macho akatazama zile mbao nyembamba chini ya bati, akauliza, "Babu, hizi ziliwekwa zibebe nini?" Zilibeba bati, basi. Hema letu lina kilo 60, uzito wa mtu mzima. Nikaachana na kamba. Mpaka leo nasema rafu yenye miguu yake chini ni bora kuliko kitu kinachoning'inia juu ya vichwa vya watoto.

Halafu lilikuja swali ambalo ndilo moyo wa kazi yote: rafu iwe na kimo gani? Wengi huijenga usawa wa kiuno kwa kuwa ni rahisi. Lakini fikirini: hema liko juu ya keria ya gari, juu kuliko kichwa changu. Kuliteremsha hadi kiunoni ni kazi ya watu wanne, na mmoja akiteleza, mgongo wa mwenzake unaumia. Tukaamua rafu iwe na kimo kilekile cha keria. Gari lisogee kando, hema lisukumwe kutoka huku kwenda kule kama mkate unaotolewa kwenye oveni. Asiwepo wa kulinyanyua.

Tukajaza upepo kwenye matairi kwanza, maana tairi lililolegea hudanganya kipimo. Mjukuu akapanda ngazi na futikamba: kutoka chini hadi juu ya keria, sentimita 207. Nikamuuliza, "Basi miguu ya rafu tuikate sentimita ngapi?" Akajibu 207, kisha akanyamaza, akajirekebisha mwenyewe. Miguu ingesimama juu ya mawe bapa yenye unene wa sentimita 5, ili mbao zisinyonye maji ya sakafu na mchwa wakipanda tuwaone mapema. Juu ya miguu zingelazwa mbao zenye unene wa sentimita 2.5. Toa hizo zote, zinabaki 199.5. Huo ndio mguu. Mafundi wengi wameharibu mbao nzuri kwa kusahau unene wa ubao mmoja.

Mbao tulinunua za saiprasi, mbili kwa nne, futi 12, yaani karibu sentimita 366 kila moja. Hapa ndipo nilipomwona mjukuu wangu akifurahia hesabu. Mbao nne za kwanza: kila moja inatoa mguu mmoja, ubao wa ubavuni wa sentimita 120, na kipande cha kama sentimita 46. Mbao mbili nyingine: kila moja inatoa mihimili miwili ya sentimita 140 na mabaki yanayotosha vipande viwili vya kama sentimita 42. Jumla ikawa miguu minne, mbao nne za ubavuni, mihimili minne, na vipande vifupi vinane. Vipande hivyo tulivihitaji vyote, na sasa nitawaambia sababu.

Chukueni vijiti vinne, vifungeni kwa uzi kwenye ncha viwe mraba. Visukumeni kidogo: vinalala. Sasa fungeni vijiti vitatu. Sukumeni mtakavyo, pembetatu haibadiliki umbo mpaka kijiti kivunjike. Rafu ndefu yenye mzigo juu ni ule mraba wa vijiti vinne. Ndiyo maana kwenye kila kona, karibu na ncha ya juu, tuliweka vipande viwili vya mshazari, kimoja upande wa mbele au nyuma na kingine ubavuni. Kona nne, vipande vinane.

Mihimili hatukuiachia misumari peke yake. Juu ya kila mguu nilichonga kwa patasi pengo ambamo mhimili unakaa, mbao juu ya mbao, ndipo tukakaza bolti. Uzito unashuka kupitia mti hadi kwenye jiwe, na bolti inazuia tu visiachane. Kuhakikisha kona zimenyooka tulipima sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili. Kutoka alama hadi alama ikiwa 100 kamili, kona ni sawasawa. Yetu ya kwanza ilisoma 102. Tukaigonga kidogo kwa nyundo hadi ikakubali.

Juu hatukuweka ubao mmoja mpana. Hema linataka kupumua. Tukalaza mbao 11 zenye upana wa sentimita 10, zikiachana sentimita 3, na hizo hujaza sentimita 140 bila kubaki hata moja. Zimelala kuelekea gari, ili hema likisukumwa lisikwame kwenye kingo zake. Nilizisugua kwa mshumaa mpaka zikateleza.

Kitu kirefu chenye mzigo juu hupenda kuanguka. Kwa hiyo tulikaza miguu ya nyuma ukutani kwa bolti, na kwenye mihimili ya chini tukapanga jeriken tatu za maji za lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo chini nako kuna kilo 60. Petroli na mtungi wa gesi hatukuviruhusu kukaa humo. Vina mahali pake, nje.

Siku ya kuteremsha tulilifungua hema kwanza, tukalianika siku mbili za jua mpaka kitambaa kikawa kikavu hata kwenye mishono, na godoro tukalisimamisha peke yake. Mwanangu akaleta gari likakaa kando ya rafu, pengo la sentimita 20 katikati. Mjukuu akashika kichwa. "Babu, si litatumbukia?" Nikamwonyesha: sakafu ya hema ni ngumu, ina urefu wa sentimita 120, na uzito wake uko karibu na katikati. Ncha ya mbele itagusa rafu kabla ile katikati haijafika kwenye pengo.

Tukalegeza nati, tukasukuma wawili tu. Hema likavuka taratibu, likatulia kwenye mbao zake, na gari likainuka kidogo kwenye springi kama punda aliyetuliwa mzigo. Mjukuu wangu alikuwa ameinama anachungulia chini ya hema, kati ya ubao na ubao. Aliingiza mkono wake kwenye nafasi moja, akauacha humo kitambo.

"Upepo unapita, Babu," akasema. "Nausikia."