Ufa wa nyumba ya mawe una dawa yake

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapana mwenye nyumba asiyeujua usemi huo. Hata hivyo, wahenga hawakutuambia ufa uzibwe kwa kitu gani, na bila shaka zama zao hapakuwa na haja ya kuuliza. Ukuta ulikuwa wa mawe na chokaa, nao ufa ulizibwa kwa chokaa. Leo fundi huja na mfuko wa saruji begani, na hapo ndipo balaa inapoanzia.

Nimepata kuingia katika nyumba kadhaa za kale za Amu na za Mji wa Kale wa Mombasa punde baada ya kukarabatiwa, na nikazirudia baada ya masika mawili matatu. Mara ya kwanza kuta huwa zimenyooka, zinang'aa kwa rangi mpya, na mwenyewe huzionyesha kwa fahari. Mara ya pili rangi imevimba kama ngozi iliyoungua, unga mweupe unadondoka sakafuni, na nyuma ya lipu iliyobambuka jiwe lenyewe limeanza kugeuka mchanga. Mwenye nyumba hulaumu bahari, hulaumu mvua, hulaumu fundi. Ni nadra kumsikia akiilaumu saruji.

Je, nyumba hizo zilijengwaje? Mawe yake ni matumbawe: mengine yalichimbwa ardhini, na yale mororo yalikatwa baharini ili yachongwe nakshi. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuyachoma mawe ya namna hiyo hiyo katika tanuri la kuni, kisha yakazimuliwa kwa maji. Chokaa hiyo ikishapakwa ukutani, hufyonza hewani ile kaboni iliyoipoteza motoni, ikarejea kuwa jiwe. Kwa hivyo jiwe na chokaa ni ndugu wa tumbo moja.

Jiwe la matumbawe lina vitundu tele, nalo hunywa maji ya ardhini na unyevunyevu wa bahari pamoja na chumvi yake. Chokaa huyaruhusu maji hayo kutoka kwa mvuke, na ukuta ukakauka. Saruji ni ngumu na huyafungia ndani. Maji yaliyozuiwa hupanda juu zaidi ukutani, na chumvi hugandia nyuma ya lipu, ikawa chembe zinazosukuma hadi lipu ikang'oka na ngozi ya jiwe. Vichwa vya boriti za mikoko vilivyozama ukutani navyo huanza kuoza. Dari likija kuanguka, watu husema nyumba ilikuwa kuukuu!

Sisemi kwamba saruji ni adui. Katika nguzo na misingi ya majengo ya kisasa imetufaa mno. Lakini dawa ya mgonjwa mmoja yaweza kuwa sumu ya mwingine.

Kwa hivyo, msomaji uliyemaliza kukarabati nyumba ya mawe, au unayekusudia kuanza, nakupa nasaha hizi. Kwanza, lipu ya chokaa isiharakishwe. Ikingwe na jua kali, inyunyiziwe maji kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na kila tabaka lipewe muda wake. Pili, usiipake rangi ya mafuta wala ya plastiki, kwani utakuwa umeufunga ukuta pumzi kama vile ulivyofungwa na saruji. Pakaa chokaa nyeupe, nawe uirudie kila inapofifia. Tatu, ukiona unga wa chumvi, usiuoshe. Maji huuyeyusha na kuurudisha ndani. Upanguse ukiwa mkavu kwa brashi laini, kisha uwinde chanzo cha maji: mfereji wa paa uliotoboka, bomba la choo linalovuja, au udongo uliorundikwa kando ya ukuta.

Nne, na hili linawahusu hata walio mbali na pwani waliojitandazia marumaru sakafuni, jihadharini na asidi. Mafundi wengi wakimaliza kazi huimwaga ili kuondoa madoa ya saruji. Matumbawe, mawe ya chokaa na marumaru yote huliwa na asidi. Povu unaloliona likichemka ni jiwe lako linaloyeyuka. Hata siki na ndimu za jikoni huacha doa lililofifia juu ya marumaru. Maji safi, sabuni isiyo kali na kitambaa kikavu vyatosha. Kama hujui jiwe lako ni la aina gani, dondoshea tone la ndimu pembeni pasipoonekana. Likitoa povu, au pakifubaa, jua kwamba asidi ni mwiko.

Watakuwapo watakaosema kwamba chokaa huchukua muda, na kwamba kukata matumbawe na kuchoma kuni huangamiza bahari na misitu. Hoja ya pili ni ya haki, wala sitetei turudie kuvunja miamba iliyo hai. Lakini siku hizi chokaa iliyozimuliwa huuzwa madukani katika mifuko, na mawe ya kuta zilizobomoka yaweza kutumika upya. Ama kuhusu muda, hesabu mwenyewe: ni ipi ghali, kazi ya mwezi mmoja zaidi, au kukarabati nyumba ile ile mara tatu?

Mji wa kale wa Amu uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2001, Ngome ya Yesu mwaka 2011, na Gedi mwaka 2024. Ni heshima kubwa, lakini cheti hakizuii chumvi. Kinachouzuia ukuta usianguke ni mkono wa mwashi anayejua kuzimua chokaa, na mikono hiyo inapungua. Vyuo vyetu vya ufundi vya pwani vingefanya jambo la maana kuwaita wazee hao wafundishe vijana wangali hai.

Wewe nawe, kabla hujatoa malipo ya awali, muulize fundi wako swali moja tu: ukuta huu utapumulia wapi? Akikosa jibu, tafuta mwingine.