Mwana Anapokaribia Kubaleghe: Yanayompasa Mzazi Kumfundisha Kabla ya Alama Kutokea

AlhamduliLlaah, sifa zote njema anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Rehma na Amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), na Aali zake na Swahaba zake wote.

Ndugu zetu katika imani, ziko 'ibaadah zinazopotea majumbani mwetu bila ya mtu kukusudia. Msichana anaona damu kwa mara ya kwanza mchana wa Ramadhaan, anaogopa kusema, anaendelea kushinda na njaa, na siku zile hazilipi kwa kuwa anadhani amefunga. Mvulana anaamka nguo zina unyevu asioujua, anajifuta, anatawadha, kisha anakwenda kuswali Alfajiri akiwa na janaba. Wote wawili hawakukusudia kuasi. Hawakuambiwa tu, na aliyepaswa kuwaambia ni mzazi.

Katika makala hii tunaeleza kinachotokea mwilini mtoto anapobaleghe, hukumu zinazomwanzia, na dalili zinazohitaji daktari. Hukumu tunazozitaja ni kwa mujibu wa madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, yanayofuatwa na wengi visiwani kwetu.

Haya haizuii elimu

Haya ni katika imani, lakini haikuwekwa ili mtu abaki mjinga wa twahara yake. Ummu Sulaym (Radhiya Allaahu 'anhaa) alimwendea Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akamuuliza iwapo mwanamke anayeota naye analazimika kuoga, na Mtume akamjibu kuwa analazimika iwapo ataona maji. Bibi 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) aliwasifu wanawake wa Answaar kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu Dini yao.

Na katika Suuratun-Nuur, Aayah ya 58 na 59, Allaah Ameweka adabu ya watoto kubisha hodi: walio wadogo katika nyakati tatu, na wakishabaleghe katika nyakati zote. Mtoto ataitekeleza vipi amri hii ikiwa hajui kuwa ameshabaleghe?

Mwili wa msichana

Mabadiliko ya mwili kwa wasichana huanza baina ya miaka 8 na 13. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutoa homoni zinazoziamsha ovari, yaani vifuko viwili vya mayai vilivyo pande mbili za kizazi. Kizazi, au mji wa mimba, kiko chini ya kitovu, mbele ya utumbo mkubwa na nyuma ya kibofu cha mkojo. Ovari zimeunganishwa nacho kwa mirija miwili, na chini yake upo uke, ambao ni njia mbali na njia ya mkojo. Wasichana wengi hawaijui tofauti hii, na wakiona damu hudhani wana maradhi ya kibofu.

Msichana huzaliwa na mayai yake yote. Akishabaleghe, kwa kawaida yai moja hupevuka kila mzunguko, na ukuta wa ndani wa kizazi huongezeka unene kujitayarisha kupokea mimba. Mimba isipotunga, ukuta ule hubomoka na kutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi. Si uchafu wa maradhi wala si alama ya kosa lolote, bali ni jambo Alilowaandikia Allaah mabinti wa Aadam, kama Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alivyomliwaza Bibi 'Aaishah alipopatwa nayo safarini akiwa katika Hajj.

Hedhi haiji ghafla. Kwa kawaida matiti ndiyo hutangulia kuchomoza, na moja linaweza kutangulia jingine. Kisha msichana hurefuka haraka, huota nywele kwapani na sehemu za siri, na huona ute mweupe katika nguo ya ndani. Damu ya kwanza huja takriban miaka miwili hadi miwili na nusu baada ya matiti kuanza. Kwa hiyo mama anapoona kifua cha binti yake kinabadilika, ameshapewa taarifa mapema. Asingoje damu.

Mwili wa mvulana

Wavulana huanza baina ya miaka 9 na 14. Alama ya mwanzo ni kukua kwa korodani, nayo aghalabu hakuna anayeitambua. Korodani ni mbili, na Allaah Ameziweka katika mfuko ulio nje ya mwili kwa sababu mbegu za uzazi zinahitaji ubaridi kidogo kuliko joto la ndani. Moja kuning'inia chini zaidi ya nyingine ni kawaida. Mbegu husafiri katika mirija, huchanganyika na majimaji ya tezi dume na tezi nyingine, kisha hutoka kwa mrija ule ule wa mkojo, lakini si kwa wakati mmoja na mkojo.

Baadaye uume hukua, nywele huota, zoloto hupanuka na sauti hukwaruza, na urefu huongezeka. Chunusi na harufu ya jasho ni mambo ya kawaida kwa wote. Wavulana wengi pia huvimba kidogo nyuma ya chuchu kwa muda, na wengine hujificha kwa aibu. Waambiwe kuwa aghalabu huondoka wenyewe.

Ama kuota na kutokwa na manii usingizini, hilo si maradhi wala si dhambi, kwani aliyelala haandikiwi kosa mpaka aamke. Linalomlazimu ni kuoga.

Lini mtoto amebaleghe kisheria?

Mwili hubadilika kwa miaka kadhaa, lakini Shari'ah imeweka mpaka ulio wazi. Mtoto amebaleghe inapopatikana mojawapo ya hizi:

1. Kutokwa na manii, mvulana au msichana, usingizini au macho.
2. Kupata hedhi, kwa msichana.
3. Kutimiza miaka 15 ya Hijria, hata kama hajaona alama yoyote.

Dalili ya umri ni kisa cha 'Abdullaah bin 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhumaa). Alipokuwa na miaka 14 Mtume hakumruhusu kupigana Uhud, na alipokuwa na miaka 15 alimruhusu katika vita vya Khandaq.

Hapa wazazi wengi hukosea hesabu. Cheti cha kuzaliwa kinahesabu kwa Miladi, na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11. Miaka 15 ya Hijria ni sawa na takriban miaka 14 na miezi sita na nusu ya Miladi. Mwenye kungoja siku ya kuzaliwa ya 15 katika cheti amempotezea mwanawe zaidi ya miezi mitano ya faradhi. Vile vile damu haihesabiwi kuwa hedhi kabla ya takriban miaka 9 ya Hijria, ambayo ni kama miaka 8 na miezi 9 ya Miladi.

Matiti, sauti na kurefuka ni ishara za kukaribia, si mpaka wenyewe. Ama nywele za sehemu za siri, wanazuoni wametofautiana.

Yanayomwanzia siku hiyo

Swala tano, Swaumu ya Ramadhaan na hijabu kwa msichana sasa ni wajibu, na kalamu inamwandikia. Afundishwe haya:

Kuoga. Fardhi zake ni nia na kueneza maji mwili mzima, nywele na ngozi. Misuko haina haja ya kufumuliwa maji yakifika ndani, yasipofika, ifumuliwe.

Janaba na funga. Aliyeota mchana wa Ramadhaan, au aliyeamka na janaba baada ya Alfajiri, funga yake ni sahihi. Aoge kwa ajili ya Swala.

Hedhi. Uchache wake ni mchana na usiku, yaani saa 24, wingi wake ni siku 15, na aghalabu ni siku sita au saba. Mwenye hedhi haswali wala hafungi; Swaumu atailipa, Swala hailipi. Damu ikitoka hata dakika chache kabla ya Magharibi, funga ya siku hiyo imebatilika na atailipa. Akitwahirika wakati wa Alasiri, ataswali Adhuhuri na Alasiri. Akitwahirika wakati wa Ishaa, ataswali Magharibi na Ishaa.

Miaka miwili ya mwanzo mizunguko huwa haijatulia, hivyo aandike katika kalenda siku damu ilipoanza na ilipokoma. Ikizidi siku 15, imechanganyika na istihaadhah, ambayo haizuii Swala wala Swaumu. Hapo amuulize mwanachuoni amfanyie hesabu. Pedi au kitambaa kibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita, na kitambaa kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Kukianika kwa kificho mahali penye unyevu huleta maradhi ya ngozi.

Kubaleghe si kukamilika

Wapo wanaodhani damu ya kwanza ina maana kuwa binti ameshakuwa tayari kwa ndoa na kuzaa. Mifupa ya nyonga huendelea kukua kwa miaka baada ya hapo, na mimba ya umri mdogo ina hatari kubwa zaidi kwa mama na mtoto. Na Qur-aan yenyewe, katika Suuratun-Nisaa Aayah ya 6, haikutosheka na kubaleghe kwa yatima ili akabidhiwe mali yake, bali imetaka pia aonekane ana busara.

Lini kumpeleka kwa daktari

- Alama za mwili zikianza kabla ya miaka 8 kwa msichana au 9 kwa mvulana.
- Msichana wa miaka 13 asiye na alama yoyote ya matiti, au wa miaka 15 asiyepata hedhi.
- Mvulana wa miaka 14 ambaye korodani hazijaanza kukua, au mtoto yeyote ambaye korodani moja haijashuka.
- Damu inayolowesha pedi kila saa, au inayozidi siku saba, au maumivu yanayomzuia kwenda skuli.
- Maumivu makali ya ghafla ya korodani. Hili halingoji asubuhi. Korodani inaweza kuwa imejisokota na kukatiwa damu, na saa sita za mwanzo ndizo zenye matumaini ya kuiokoa. Mvulana anayeona aibu kusema anaweza kuipoteza.

Aanze nani, na aanze vipi?

Mama azungumze na binti, na baba na mwana. Asiyeweza, yupo bibi, shangazi au mjomba mwenye elimu na amana. Binti wa visiwani alikuwa na somo wake wa kumfunza, na mvulana mara nyingi aliachiwa asikie barazani kwa wenzake. Leo simu imeingia mahali pa wote wawili, nayo haina haya wala haijui hukumu.

Maneno machache yanatosha: "Mwanangu, siku yoyote ukiona hivi, si ugonjwa. Umekuwa mkubwa. Njoo uniambie, nikufundishe kuoga." Muelezeni pia kuwa tupu yake ni amana, na kwamba akiguswa na mtu yeyote, awe jamaa, mwalimu au jirani, aseme siku hiyo hiyo na hatolaumiwa.

Na kijana mkubwa anayesoma haya akagundua kuwa zimempita Swala na Swaumu baada ya kubaleghe, asikate tamaa. Akadirie kwa anavyoweza na aanze kulipa kidogo kidogo.

Tunamuomba Allaah Awahifadhi watoto wetu, Awape twahara ya mwili na moyo, na Atuwezeshe kuitekeleza amana Aliyotukabidhi. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.