Siri ya Mtungi Aijue Kata Pekee

Katika maduka ya intaneti jijini Eldoret, mwanafunzi anayeomba mkopo wa HELB na mwalimu anayewasilisha ripoti yake ya ushuru huketi mbele ya tarakilishi isiyo yao. Hapo huandika nywila, au humtajia mhudumu awaandikie. Je, msomaji mpendwa, umewahi kujiuliza ni nani mwingine anayeiona?

Yafaa ieleweke kwamba tarakilishi huweza kuwekewa programu fiche inayonakili kila kinachobonyezwa kwenye kibodi. Mwenye programu hiyo huzivuna nywila za watu mithili ya mtu avunaye mahindi ya shamba asilolilima.

Wapo waliotafuta dawa. Nchini Estonia, tangu mwaka 2002, kitambulisho cha raia kina chipu yenye ufunguo wa siri usiotoka nje ya kadi. Raia hukiingiza katika kisomaji kilichounganishwa na tarakilishi, kisha huandika nambari ya siri. Akikosea mara 3, nambari hiyo hufungwa.

Hata hivyo, visomaji havilingani. Kisicho na vibonyezo humlazimu mwenye kadi kuandika nambari kwenye kibodi ile ile inayopelelezwa. Chenye vibonyezo vyake huipeleka nambari moja kwa moja kwenye chipu; tarakilishi hupashwa tu habari kwamba imekubaliwa au imekataliwa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Kinga hii nayo ina mpaka. Tarakilishi iliyoambukizwa yaweza kukuonyesha hati moja huku ikiipa kadi nyingine itiwe sahihi. Kwa hivyo, kifaa hakiondoi haja ya uangalifu.

Jambo hili si geni kwetu. Dukani, mnunuzi mwenye kadi ya benki huandika nambari yake kwenye mashine ndogo ya malipo, wala haiandiki kwenye kibodi ya karani. Iweje basi tuilinde pesa ya sukari kuliko mkopo wa masomo? Kadi ya Maisha, kitambulisho kipya cha Kenya, imewekwa chipu. Iwapo siku moja itatumiwa kufungulia huduma za serikali mtandaoni, tarakilishi za umma, zikiwemo za maktaba na vyuo vyetu, ziwekewe visomaji vyenye vibonyezo.

Kabla ya siku hiyo, walimu na wafundishe darasani kwamba nywila haikopeshwi. Nawe mwanafunzi, mhudumu akikuuliza yako, mwombe akupishe uiandike mwenyewe, na uibadilishe ufikapo kwenye kifaa unachokiamini.