Gambiti ya Englund: kafara ya Stockholm isiyolipa

Gambiti ya Englund huanza mapema kuliko karibu gambiti nyingine zote za sataranji. Mweupe anasogeza askari wa malkia hadi d4. Mweusi anajibu kwa kumpeleka askari wake e5, mahali atakapoliwa wazi wazi. Kila upande umecheza mara moja tu, na tayari mmoja amelisha.

Jina ni la Fritz Englund, Msweden aliyefadhili mashindano maalumu mwaka 1932, ambayo michezo yake yote ilianzia katika mkao mmoja wa gambiti hiyo. Hakuwa wa kwanza. Henry Charlick wa Australia alikuwa akiijaribu tangu miaka ya 1890, na Kārlis Bētiņš wa Latvia alichambua mkondo ambao malkia mweusi hutoka hadi e7, huo huo unaochezwa zaidi leo. Lakini majina hayafuati haki, na mkondo wa mashindano yale, ambao malkia mweupe huruka hadi d5 katika hatua ya nne, unaitwa Mkondo wa Stockholm.

Mcheza drafti wa kijiweni anaijua vizuri kazi ya kulisha: unampa mpinzani kete, analazimika kula, nawe unakula tatu. Kwenye sataranji hakuna ulazima huo. Anayelishwa anaweza kukataa, au kula kisha akajilinda. Kwa hiyo gambiti huitwa imara pale tu aliyetoa askari anapobaki na fidia ya kweli, iwe muda, njia zilizofunguka au mfalme aliyeachwa wazi, hata mpinzani akijibu kwa hatua bora kabisa.

Kipimo hicho hakihesabu nani alishinda. Frank Marshall alipomtolea José Raúl Capablanca gambiti yake mjini New York mwaka 1918, alipigwa. Uchambuzi wa miaka iliyofuata umeonyesha kwamba gambiti ile ni imara, na mabingwa wa dunia wanaicheza au kuikwepa hadi sasa. Ya Englund ni kinyume chake: inashinda michezo mingi, na si imara.

Inashindaje? Kwa mtego. Mweupe anakula e5, farasi mweusi anatoka c6, farasi mweupe anatoka f3, malkia mweusi anakaa e7. Mweupe anamlinda askari wake kwa askofu f4; malkia anaruka b4 na kutoa shaha. Askofu anarudi d2 kuziba, malkia anakula b2. Hapa mkono wa mgeni huwashwa kumfukuza malkia kwa askofu c3, na mchezo umekwisha: askofu mweusi anashuka b4, malkia mweupe anakuja d2 kusaidia, maaskofu wanalana c3, malkia mweupe anakula c3, na malkia mweusi anatua c1. Mfalme hana pa kukimbilia. Hatua 8 tu.

Dawa yake ni farasi. Badala ya askofu, Mweupe anapeleka farasi c3 katika hatua ya sita. Askofu mweusi akija b4, ngome nyeupe inahamia b1 na malkia anakimbilia a3. Sasa farasi anaweza kutua d5, akitishia c7, ambako angemshika mfalme na ngome kwa pamoja. Mweusi amefidia askari aliyemtoa, lakini malkia wake anazurura ukingoni na kete nyingine zimelala. Deni lililipwa kwa riba.

Mkondo wa Stockholm wenyewe ni mpole zaidi kwa Mweusi. Malkia mweupe anapokaa d5 kulinda askari, Mweusi husukuma f6, na baada ya kuliwa hula kwa farasi, huku akimfukuza malkia na kupata uwanja mpana. Ndiyo maana mashindano ya 1932 hayakuipima gambiti nzima: washiriki wenye nyeupe walinyimwa nafasi ya kuchagua jibu kali zaidi.

Gambiti hii imepata maisha mapya kwenye simu. Abiria anayepanda treni Märsta, karibu na uwanja wa ndege wa Arlanda, hukaa takriban dakika 40 kabla ya kufika katikati ya Stockholm, muda wa kutosha michezo kadhaa ya dakika tatu tatu. Katika kasi hiyo, anayekutana na e5 kwa mara ya kwanza hana nafasi ya kufikiri, na mtego hunasa.

Kwenye mchezo wa saa nyingi hesabu ni nyingine. Ukikutana nayo, kula askari bila woga, na malkia akila b2, weka farasi c3. Usiweke askofu.